Sura ya Sita: Maziwa Aliyokunywa Benoît

Kuna asubuhi ambazo mtu huamka na furaha kubwa kuliko kifua chake, na ndivyo alivyoamka Vénantie Ijumaa ile ya mwezi wa tisa, mwaka 1958, nyumbani kwa baba yake juu ya kilima cha Mushaki, Masisi, Kongo. Alimfunika vizuri binti yake Marie, mtoto wa miaka mitatu, kisha akabaki amelala kidogo tena, aionje furaha yake kabla watu wengine hawajaigusa.

Jana baba alikubali.

Mzee Rukara, mtu ambaye huwezi kumtoa neno hata kwa koleo, alikaa mbele ya Benoît mchana mzima, akasikiliza, akauliza, akanyamaza, mwishoni akasema: "Leta hiyo karatasi kesho. Nitakuwa mwalimu yako."

Mtu asiyejua angeona ni jambo dogo. Kwa Vénantie lilikuwa maisha. Benoît alikuwa mtoto wa Itebero, kule msituni Walikale, mtoto wa wakulima na wawindaji, na Mungu alimpa kichwa kilichompeleka hadi chuo kikuu cha Léopoldville. Alikuwa amemaliza miaka ya kwanza, sasa yuko kwenye lisansi, hatua ya shahada, anasoma mambo ya lugha na desturi za watu. Likizo mbili zilizopita alikuja kufundisha masomo ya jioni pale misioni, na Vénantie, mjane wa miaka ishirini na mbili, alikuja darasani na Marie mgongoni. Mume wake Jean-Marie alikuwa amekufa kwa homa ya mapafu kabla mtoto hajatambaa. Vénantie alikuja kujifunza kuandika jina lake. Aliondoka anajua kuandika barua, na barua zote aliziandika kwa mtu mmoja.

Sasa profesa wa Benoît alikuwa amefungua mlango. Mwanafunzi wa lisansi, alisema, anaweza kufanya sehemu ya masomo yake mbali na chuo, peke yake, kama ataipanga kozi yenyewe: kichwa chake, vitabu vyake, saa zake kila wiki, barua moja kila mwezi kwa profesa, na mwisho andiko la kurasa arobaini. Lakini sharti moja lilikuwa kubwa kuliko yote. Lazima awepo mwalimu wa mahali, mtu anayelijua jambo lenyewe, aweke sahihi kwamba anampokea mwanafunzi. Benoît alichagua majina ya sifa ya ng'ombe, yale maneno marefu matamu ambayo wachungaji wa Masisi humsifia ng'ombe mmojammoja. Na hakuna aliyeyajua kama Rukara.

Karatasi ya mpango ule ilipaswa kuondoka Jumamosi asubuhi na kamyo, lile lori la posta. Isipoondoka, Benoît angerudi Léopoldville miaka miwili mizima. Na miaka miwili kwa mjane kijana ni mirefu. Ukoo hautakaa kimya, kila mjomba atakuja na mchumba wake mfukoni.

Ndiyo sababu Vénantie aliamka anaimba.

Wimbo ulikatika alipofika uani. Mama yake, Nyiramana, alikuwa amesimama na chombo cha mti cha maziwa mikononi, anakitazama kama mtu anayetazama jeraha.

"Ni nini, Mama?"

"Gaju," mama alisema polepole. "Chuchu mbili hazitoi maziwa. Inatoka maji tu, na damu ndani."

Gaju alikuwa ng'ombe wa rangi ya asali, kipenzi cha Rukara. Watu walisema kwamba mzee akiwa na neno la moyoni, humwambia Gaju kwanza, ndipo mke wake.

"Na Papa?"

"Papa yako iko kule ndani ya zizi. Anauliza swali yake."

Swali lile Vénantie alilijua tangu utoto. Kila mara kiwele kinapougua, Rukara huwauliza wote waliokunywa maziwa ya ng'ombe yule: jana ulikula nini? Kwa maana kwa watu wa ng'ombe, maziwa na nyama ya pori havikutani katika tumbo moja siku moja. Vikikutana, ng'ombe ndiye anayelipa. Rukara alikuwa Mkristo, anaenda misa kila Jumapili na koti lake jeusi, lakini jambo hili hakuliacha kwenye maji ya ubatizo. Miaka yote aliuliza, na miaka yote watu walijibu jibu moja: mimi hapana, Papa.

Na jana asubuhi Vénantie alipoenda kumsalimia Benoît nyumbani kwa katekista Albert, alikofikia mgeni huyo, alimkuta anakula. Mama yake wa Itebero alikuwa amemfungia paa mdogo wa msituni, aliyekaushwa juu ya moshi, katika majani. Benoît alikula na kucheka, mafuta kwenye vidole, akisema hakuna nyama Léopoldville inayojua jina lake kama hii.

Mchana, mama Nyiramana alimpa maziwa. Maziwa ya Gaju. Benoît alipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama alivyofundishwa. Na Vénantie aliona. Neno lilimfika ulimini: usikunywe! Lakini saa ileile baba yake alikuwa ameinua kichwa, na uso wake umelainika, na midomo yake inafunguka kusema lile neno la kukubali. Vénantie aliogopa kulikata neno lile. Alilimeza lake.

Sasa limekuwa damu.

Alishuka mbio hadi kwenye ua wa miti, mahali njia inapopanda kutoka barabarani, na hapo akamwona Benoît anakuja, amevaa shati jeupe, bahasha kubwa kifuani kama mtoto mchanga. Alipomwona Vénantie alitabasamu, tabasamu lile lililokuwa linamsahaulisha Vénantie herufi darasani.

"Vénantie! Umekuya kunipokea kama gavana."

"Ngoja. Usipande."

Tabasamu liliondoka taratibu. "Marie ni mugonjwa?"

Hilo ndilo lililomuumiza Vénantie zaidi, kwamba swali la kwanza lilikuwa la Marie.

"Marie iko muzima. Ni Gaju." Akamweleza yote bila kupumua: maziwa, nyama, damu, swali la baba. "Kwa hiyo akikuuliza jana ulikula nini, sema ulikula muhogo na majani ya sombe. Basi. Albert hatasema kitu. Papa ataweka sahihi, kamyo itabeba barua, na Gaju atapona."

Benoît aliishusha bahasha kutoka kifuani. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, ng'ombe wa jirani wanalia upande wa pili.

"Wewe ulijua," alisema mwishoni. "Pale nilipokunywa, ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaniangalia tu."

"Ningefanya nini? Papa alikuwa anafungua kinywa! Unajua nimengoja kile kinywa siku ngapi?" Machozi yalimjia, akayafuta kwa hasira. "Mimi si mutu wa université, Benoît. Mimi niliona furaha iko mulangoni, nikaogopa kuifungia."

"Sikukasirika."

"Uso yako imekasirika."

"Uso yangu inaogopa." Alijaribu kucheka, haikutoka. "Sikiliza. Papa yako atakuwa mwalimu yangu. Kila kitu nitakachoandika, profesa atakiamini juu kimetoka kinywani mwake. Na mimi siku ya kwanza nimudanganye? Nitakaa vipi mbele yake miezi mitatu, namuuliza majina ya Gaju, na mimi ninajua mambo ya Gaju ambayo yeye hajui?"

"Na mimi?" Vénantie alisema, sauti imekuwa ndogo. "Wewe unafikiri ukweli yako tu. Ukisema, atakufukuza. Utapanda kamyo ileile ya posta. Mimi nitabaki hapa na nani? Na ukweli?"

Mkono wa Benoît ulipanda, ukataka kugusa shavu la Vénantie, ukakumbuka kwamba wako njiani mbele za watu, ukashuka tena.

"Vena," alisema, jina ambalo hakuna mwingine aliyemwita. "Nikikupata kwa uongo, kila asubuhi nitaogopa nani atakuya kuniambia. Sitaki kukupenda na woga. Nimekupenda na moyo mweupe, niache niendelee vile."

Kisha akapanda. Vénantie alibaki ameshika mti wa ua, anamchukia kidogo, na anampenda hata akaona aibu.

Rukara alikuwa amechuchumaa kando ya Gaju, kiganja chake juu ya kiwele kilichovimba. Hakugeuka.

"Musomi amefika," alisema. "Karibu. Leo haiko siku ya karatasi. Kwanza niambie, kijana. Jana kabla ya kukunywa maziwa yangu, ulikula nini?"

Nyiramana, aliyekuwa mlangoni, aliinamisha macho. Labda moyo wa mama ulikuwa umeshahisi. Vénantie aliyemfuata Benoît hadi kwenye lango la zizi alishika mti wa lango.

Benoît alivua viatu vyake, maana alikuwa amekanyaga ndani ya zizi, akasimama pekupeku.

"Papa, nilikula nyama ya pori. Paa. Mama yangu alinifungia. Sikujua desturi yenu, lakini kutokujua hakuondoi kosa. Ni mimi."

Gaju aliacha kucheua.

Rukara aliinuka. Alikuwa mrefu, na hasira ilimwongeza urefu.

"Watu ya msitu!" alisema. "Nyinyi munakula kila kitu kilicho na miguu, na ile haina miguu munakula pia! Unaingia mu nyumba yangu, unakaa fasi ya heshima, na tumbo yako imejaa paa!"

"Ni kweli, Papa."

"Usiniitikie 'ni kweli' kama katekisimu! Nani mwingine alijua?"

Benoît alinyamaza. Rukara aliuliza mara ya pili, na mara ya pili Benoît alitazama chini, kwenye vidole vya miguu yake vilivyojaa matope.

Hapo ndipo Vénantie alielewa kwamba Benoît atabeba kosa peke yake, wala hatamtaja. Na alielewa pia kwamba mtu akikubebea mzigo wako bila kulalamika, ukinyamaza unakuwa mwizi.

"Mimi nilijua, Papa," alisema. "Yeye hakujua ni mwiko, mimi nilijua. Nilimuona anakula asubuhi, nikamuona anakunywa muchana. Ningeweza kusema. Sikusema, juu ulikuwa unataka kukubali, na nilitaka sana ukubali. Kosa kubwa ni yangu."

Rukara alimtazama binti yake kama mtu anayeona njia mpya kwenye kilima alichopanda maisha yake yote. Kisha akachukua fimbo, akatoka zizini, akaenda kwa ndama wake juu ya kilima.

Nyiramana alisonya, akajifuta macho kwa kanga. "Haya. Mumeshasema ukweli, sasa mukae nayo. Benoît, mwanangu, usisimame kama mulingoti. Chemsha maji. Kiwele kinataka maji ya moto na kukandwa, ukweli peke yake haikandi."

Siku nzima Benoît alikaa na Gaju. Alichemsha maji, akachovya kitambaa, akakanda kiwele kama Nyiramana alivyomwonyesha, akapigwa teke mara mbili, shati jeupe likawa ramani ya Kongo. Marie alimletea majani ya kumpa ng'ombe, jani moja kwa safari moja, na kila jani Benoît alilipokea akasema, "Merci, mama mukubwa," na mtoto akacheka hadi akakaa chini. Bahasha ilikuwa imening'inizwa kwenye mti wa ua. Hakuna aliyeitaja.

Vénantie alisafisha vyombo vya maziwa, akavifukiza moshi wa majani makavu, na kila alipopita aliwatazama wale wawili. Woga wake haukuwa umeondoka. Lakini ndani ya woga kulikuwa na kitu kingine, chenye joto: hata akienda kesho, alijisemea, nimeona mtu kama huyu, na amenipenda mimi. Asante, Mungu, kwa kiasi hiki.

Jua lilipoanza kuegemea milima, Rukara alirudi. Alipita moja kwa moja hadi kwa Gaju, akakama kidogo kwenye kiganja, akatazama. Bado kulikuwa na damu. Akajipangusa.

"Vénantie. Leta ile karatasi. Unisomee."

Aliileta, akasoma Kifaransa chake, akageuza kwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi, kama alivyofundishwa na mtu aliyesimama pale na matope hadi magotini.

"Kichwa ya kozi: Majina ya sifa ya ng'ombe ku Masisi. Mwanafunzi: Benoît, wa lisansi. Vitabu: viwili. Saa: sita kila wiki pamoja na mwalimu. Barua kwa profesa kila mwezi. Muda: trimestri moja, maana yake miezi mitatu..."

"Ngoja. Rudia hapo."

"Miezi mitatu."

Rukara alimgeukia Benoît. "Miezi mitatu? Wewe ni mwanafunzi ao ni mutu anapita? Ng'ombe inabeba mimba miezi tisa. Jina ya kwanza anapewa siku anazaa. Ya pili, ukiona vile anapenda ndama yake. Ya tatu, wakati ya ukame, ukiona vile anavumilia. Unataka kunywa maziwa kabla ng'ombe haijazaa?"

"Profesa alisema trimestri inatosha, Papa."

"Profesa yako iko na ng'ombe ngapi?"

"Hana hata mumoja."

"Njo maana." Mzee aliketi juu ya gogo. "Andika mwaka. Na saa sita, hapana. Andika kila asubuhi na kila jioni. Ng'ombe haisikii Jumapili."

Vénantie alisikia maneno, lakini akili yake ilikuwa bado haijafika yalipo. "Papa... unataka... unamupokea?"

"Nilikuwa pale juu na ndama," Rukara alisema, sauti yake imeshuka, hamtazami yeyote. "Miaka makumi tatu ninauliza lile swali. Watu ya ukoo wangu, majirani, hata ndugu yangu. Kila mutu: mimi hapana. Leo mutoto wa msitu amesema: ni mimi. Kwa ng'ombe ambayo haiko yake." Alimtazama Marie, aliyelala sasa juu ya majani yake mwenyewe, kidole kinywani. "Nilikuwa na neno moja tu juu yako, kijana. Nilisema: huyu atamupenda binti yangu, sawa, lakini mutoto wa Jean-Marie, atamulea na moyo gani? Mutu anayechukua kosa ya ng'ombe ya mwingine, hatakataa mutoto ya mwingine. Neno yangu imekwisha."

Nyiramana alianza kulia waziwazi, na kucheka humohumo.

"Lakini nyama yenu!" Rukara alipaza sauti, kama anayejutia ulaini wake. "Ukila nyama yenu, siku ile unakunywa maji. Hata kama mama yako mwenyewe ameileta. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

"Na mwanafunzi wa mwaka mzima haiwezi kulala kwa Albert kama mugonjwa. Jumapili nitaongea na padri, atangaze ndoa. Watu ya Itebero bakuye, tuzungumze. Najua hawana ng'ombe. Balete asali, balete mikeka, balete heshima."

Benoît alifungua kinywa, msomi wa lugha, na lugha zote zikamkimbia. Alipiga goti moja kwenye matope, akashika mikono ya mzee kwa mikono yake miwili.

"Inuka, inuka, unachafua kozi," alisema Rukara. "Wapi ninaweka alama?"

Vénantie alimletea wino akidhani atachovya kidole gumba. Baba yake alikataa.

"Kidole niliwapa watu ya kodi. Mwalimu anaandika jina."

Na pale juu ya gogo, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, Mzee Rukara aliandika herufi sita ambazo binti yake alimfundisha kwenye majivu ya jiko, jioni alizotoka darasani. Zilipanda kilima kidogo, lakini zilifika.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, kamyo ya posta ilisimama barabarani chini ya Mushaki. Vénantie ndiye aliyekabidhi bahasha. Benoît hakuweza kuja. Alikuwa zizini tangu alfajiri na beleshi, anajifunza kozi yake kwa upande wa mavi. Gaju alikuwa ametoa maziwa meupe kwenye chuchu moja. Ya pili bado, na huenda isirudi, baba alisema; hilo ni la kujua mwaka mwingine.

Kamyo iliondoka, moshi ukapotea kwenye kona. Kengele ya misioni iligonga, na Vénantie, kama kila siku tangu alipobaki mjane, aliingia kanisani akapiga magoti kwenye benchi ya nyuma. Akafunga macho, akaanza kama alivyozoea: Bwana, ninakuomba...

Akatafuta la kuomba. Alitafuta kwa uaminifu, kila pembe ya moyo wake, na hakuliona. Basi alibaki pale amepiga magoti, kimya, anatabasamu kama mtu aliyekuja sokoni na kapu limeshajaa.